Fundi wa Dakika Tisa

Huku Bondo na kando yote ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, mchezo unaopendwa zaidi ni mpira wa miguu, na hata mzee ambaye hajapata kuingia uwanjani maishani mwake hujua kama Gor Mahia walishinda au walishindwa. Mchezo wa ngumi haukupata mapenzi ya namna hiyo. Walakini ni katika nchi hii hii ya Siaya alimotoka Bibi Conjestina Achieng, aliyelitangaza jina la Kenya ulingoni katika miaka ya 2000, na kwa ajili yake wako vijana wanaouliza kama ngumi zaweza kuwa kazi ya kumlisha mtu. Swali hilo si jepesi. Njia moja ya kulijibu ni kuyafuata maisha ya mtu aliyeshika njia hiyo mpaka mwisho wake, naye ni Bwana Philip Waruinge wa Nakuru. Wako wengi wasemao kwamba Kenya haijapata kuwa na mpiga ngumi fundi kuliko yeye.

Yafaa kwanza kueleza jambo moja kwa wasiojua desturi za mchezo huu. Wapiga ngumi hugawanywa kwa mizani, ili mtu mwepesi asikutanishwe na mtu mzito akaumizwa bure. Katika wale wazito, pigo moja laweza kumaliza kazi, na watu hulipa fedha nyingi kulingojea pigo hilo. Wale wepesi hawana nguvu za namna hiyo. Ushindi wao hutoka katika macho, miguu na pumzi. Hupiga na kuondoka, hukwepa kwa nusu ya shibiri, na aghalabu husimama mpaka kengele ya mwisho. Waruinge alikuwa wa uzani wa unyoya, ambao kwa wapiga ngumi wa ridhaa ulikuwa haupiti kilo 57. Huo ni uzito mdogo kuliko gunia moja la mahindi.

Alizaliwa mwaka 1945, akajifunza kazi yake Nakuru, mji uliokuwa mama wa ngumi katika Kenya. Watu wa huko waliupenda mchezo huo hata ukumbi wao wa ngumi wakauita Madison Square Garden, jina la ukumbi mashuhuri wa New York. Mwaka 1964, alipokuwa kijana wa miaka 19, alikwenda na wenzake kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, akarudi bila nishani. Hakukata tamaa. Mwaka 1966 alikwenda Kingston, katika Jamaika, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akapata nishani ya dhahabu. Na mwaka 1970 huko Edinburgh aliipata dhahabu ile ile mara ya pili.

Kati ya dhahabu hizo mbili ndipo palipotokea jambo lililomfanya ajulikane duniani. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika katika jiji la Mexico. Kenya ilipata nishani 9 mwaka huo, na wengi huzikumbuka mbio za Kipchoge Keino na za Naftali Temu wa Kisii, aliyeshinda mbio za meta 10,000. Katika nishani zile 9, nane zilikuwa za mbio, na moja tu ilikuwa ya ngumi: ilikuwa ya Waruinge, tena ilikuwa ya shaba.

Ilikuwaje ikawa ya shaba? Katika nusu fainali alikutanishwa na Antonio Roldán, kijana wa Mexico, mbele ya watu wa Mexico waliojaa ukumbini. Walipigana raundi tatu za dakika tatu tatu, na mwisho wake waamuzi watano wakatoa hukumu. Watatu walimpa ushindi Roldán na wawili walimpa Waruinge. Basi Roldán aliingia fainali, na huko mpinzani wake, Mmarekani Albert Robinson, aliondolewa na refa kwa kosa la kumgonga mwenzake kwa kichwa, na dhahabu ikamwangukia Roldán.

Walakini habari haikuishia hapo. Katika Olimpiki za siku hizo lilitolewa kombe moja, lililoitwa Kombe la Val Barker kwa heshima ya Mwingereza wa jina hilo, nalo lilipewa mpiga ngumi aliyeonyesha ufundi kupita wengine wote, wepesi kwa wazito. Desturi ilikuwa kupewa mmoja wa wenye dhahabu. Mwaka ule wenye dhahabu walikuwa 11, na mmoja wao alikuwa George Foreman wa Marekani, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu. Kombe hawakupewa hao. Alipewa Waruinge, mwenye shaba. Kabla yake mtu mmoja tu mwenye shaba alikuwa amepata kupewa heshima hiyo, naye ni Mmarekani Louis Laurie, mwaka 1936.

Miaka minne baadaye, mwaka 1972 huko München katika Ujerumani, Waruinge alifika mpaka fainali. Mpinzani wake alikuwa Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovieti. Mara nyingine tena waamuzi watano waligawanyika, na mara nyingine tena watatu walikuwa upande wa pili. Waruinge alirudi na nishani ya fedha, na wenzake wawili, Samuel Mbugua na Dick Murunga, walirudi na shaba. Hivyo katika Olimpiki mbili, kura moja ya mwamuzi mmoja ilimkosesha fainali, na kura moja nyingine ilimkosesha dhahabu.

Alikuwa sasa amefika umri wa miaka 27. Mtu wa ridhaa wakati huo hakuruhusiwa kupokea malipo kwa mchezo wake, na wapiga ngumi wengi wa Kenya walikula kwa mishahara ya polisi, jeshi, magereza au reli. Nyumbani hapakuwa na soko la ngumi za kulipwa ambalo lingeweza kumtajirisha mtu. Aliyetaka kuuza ufundi wake ilimpasa auuze ng'ambo. Waruinge alichagua Japani, na mwaka 1973 akaanza kupigana huko kwa malipo. Kwa desturi ya kumbi za Japani, mgeni hupewa jina la Kijapani, na yeye aliitwa Waruinge Nakayama. Ndiyo sababu mtu akitafuta katika vitabu vya mapambano ya ubingwa wa dunia jina la Philip Waruinge, huenda asilione, akadhani kwamba Mkenya huyo hakufika huko. Alifika, tena mara mbili katika mwaka mmoja.

Hapa yafaa kusimama kidogo na kuilinganisha kazi aliyoiacha na kazi aliyoianza, maana zafanana kwa sura na si kwa moyo. Pambano la ridhaa lilikuwa la raundi 3, yaani dakika 9. Mtu hupimwa kwa usafi wa mapigo yake, nalo pigo jepesi lililofika mahali pake huhesabiwa. Pambano la ubingwa wa dunia wakati huo lilikuwa la raundi 15, yaani dakika 45. Katika dakika 45 mtu hawezi kucheza kama ngoma ya harusi tangu mwanzo mpaka mwisho. Hupaswa kujua wakati wa kupumzika akiwa amesimama, na namna ya kumshika mwenzake ili apate pumzi. Yambidi pia ajue kumpiga mbavuni katika raundi ya 4 ili miguu ya mwenzake iwe mizito katika raundi ya 12. Hayo hayafundishwi katika dakika 9. Hujifunzwa polepole, kwa mapambano ya raundi 6, kisha 8, kisha 10, mwaka baada ya mwaka.

Tarehe 3 Aprili 1976, katika jiji la Panama, Waruinge alipanda ulingoni kugombea taji jipya. Baraza la Ngumi la Dunia, ambalo kwa herufi huitwa WBC, lilikuwa limeanzisha uzani mpya kati ya bantamu na unyoya, usiopita ratili 122, yaani kilo 55.3. Aliyeshinda pambano lile angekuwa bingwa wa kwanza wa uzani huo. Mpinzani wake alikuwa Rigoberto Riasco, mwana wa Panama, aliyepigana mbele ya watu wake. Baada ya raundi 8 Waruinge hakuweza kuendelea, na Riasco akatangazwa bingwa.

Miezi saba baadaye, tarehe 13 Novemba 1976, alipata nafasi ya pili, na nafasi hiyo ilimrudisha Mexico. Pambano lilifanyika Culiacán, mji mkuu wa jimbo la Sinaloa, na safari hii taji lilikuwa la uzani wa bantamu, usiopita ratili 118, yaani kilo 53.5. Mwenye taji alikuwa Carlos Zárate.

Huyu Zárate alizaliwa katika jiji la Mexico mwaka 1951. Alikuwa mrefu kwa watu wa uzani wake, futi 5 na inchi 8, na mikono yake ilikuwa na nguvu zisizo za kawaida kwa mtu mwepesi. Alianza kupigana kwa malipo mapema mwaka 1970, kabla hajatimiza miaka 19, chini ya meneja mzee aliyeijua biashara ile, Bwana Arturo Hernández, ambaye watu walimwita Cuyo. Kwa miaka sita alipandishwa ngazi moja moja, na mwezi wa Mei 1976 akampiga Rodolfo Martínez na kutwaa ubingwa. Mpaka mwezi wa Oktoba 1978 alikuwa amepigana mara 52 bila kushindwa hata mara moja, na katika ushindi huo wa mara 52, mara 51 mpinzani hakufika kengele ya mwisho. Huyo ndiye mtu ambaye Waruinge alikutana naye Culiacán. Pambano lilikwisha katika raundi ya 4.

Msomaji aweza kusema kwamba Waruinge alishindwa kwa kuwa Zárate alikuwa bora. Hilo ni kweli, illa si kweli yote. Tazama hesabu. Zárate alikuwa na umri wa miaka 25 na miaka sita ya ngumi za kulipwa. Waruinge alikuwa na miaka 31 na miaka mitatu tu ya kazi hiyo. Zárate alipigana katika uzani wake, katika nchi yake. Waruinge alikuwa amejulikana duniani kwa kilo 57, akagombea taji la kilo 55.3, kisha la kilo 53.5, na yote mawili katika nchi za wapinzani wake. Siku hizo mpiga ngumi alipanda mizani siku ile ile ya pambano, na kila ratili anayoipunguza mtu mwembamba haitoki katika mafuta, maana hana mafuta. Hutoka katika maji ya mwili, na maji hayo ndiyo yanayolinda nguvu na kichwa chake.

Wavuvi wa Bondo watalifahamu jambo hili upesi. Wavu wa omena ni kazi nzuri sana, macho yake madogo yamesukwa kwa ustadi, na usiku usio na mbalamwezi hujaza mtumbwi. Wavu ule ule ukitegewa mbuta wa kilo 40 utapasuka. Hapana mtu mwenye akili atakayesema kwamba aliyeusuka hakujua kusuka. Kadhalika ufundi wa Waruinge ulikuwa ufundi wa kweli, uliothibitishwa na kombe lile la mwaka 1968, nao ulisukwa kwa kazi ya dakika tisa.

Wala si yeye peke yake. Mkenya mwingine mwepesi, Bwana Stephen Muchoki, alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974 na tena mwaka 1978, na mwaka huo huo wa 1978 huko Belgrade akawa bingwa wa dunia wa ridhaa katika uzani wa kilo 48. Naye akaenda kutafuta fedha ng'ambo, huko Denmark. Mwezi wa Novemba 1982, katika jiji la Copenhagen, aligombea taji la dunia dhidi ya Santos Laciar wa Argentina. Alisimama raundi 12, akashindwa katika raundi ya 13. Kama pambano lile lingalikuwa la raundi 12, kama ilivyokuwa kanuni ya WBC tangu mwaka uliofuata, angalifika kengele ya mwisho, na hukumu ingalitolewa na waamuzi.

Na sheria hii haikumhurumia hata Zárate mwenyewe. Mwezi wa Oktoba 1978, akiwa na ushindi wake wa mara 52, aliuacha uzani wa bantamu, akapanda ratili nne tu, akaenda Puerto Rico kumtafuta Wilfredo Gómez katika uzani ule ambao Riasco alikuwa bingwa wake wa kwanza. Ratili nne si kitu kwa mkulima apimaye pamba. Kwa Zárate zilitosha: aliangushwa mara kadhaa, na pambano likasimamishwa katika raundi ya 5. Mwaka 1979 alipoteza na taji lake la bantamu kwa Lupe Pintor, kwa hukumu ya waamuzi waliogawanyika, kama walivyogawanyika juu ya Waruinge. Alikasirika, akaacha ngumi. Lakini mwaka 1986 akarudi. Alipigania mataji mawili baada ya hapo, na yote mawili akayakosa.

Je, Waruinge alikosea kwenda Japani? Wako watakaosema kwamba angalikaa nyumbani angojee Olimpiki ya tatu ya nishani. Hao wamesahau yaliyotukia. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, na Kenya miongoni mwao, zilikataa kwenda Montreal, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga katika Afrika ya Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow pia. Muchoki, aliyebaki katika ridhaa, alipitwa na Olimpiki ya 1976 katika miaka yake mizuri kabisa, na kosa halikuwa lake. Basi aliyekwenda alikosa taji, na aliyebaki alikosa Olimpiki. Mtu asihukumu upesi uchaguzi wa mwenzake kwa kuyatazama matokeo tu, maana mwenye kuchagua hakuwa na matokeo mbele yake. Alikuwa na umri wake na mahitaji yake.

Linaloweza kuhukumiwa ni wakati. Zárate aliingia kazi ya kulipwa akiwa na miaka 18, Waruinge akiwa na miaka 28. Ile miaka kumi, ambayo kijana wa Mexico aliitumia kujifunza kazi ya dakika 45, Mkenya aliitumia kuiletea nchi yake nishani. Nchi ilizipokea kwa shangwe, ikazipigia makofi, kisha ikamwacha akatafute mkate wake mwenyewe katika umri ambao miguu ya mtu mwepesi huanza kuchoka. Hilo si deni la mtu mmoja. Ni deni la wote waliofurahi.

Kwa hivyo, mzazi wa pwani ya ziwa ambaye mwanawe ana mikono myepesi na anataka kuvaa glavu asimkataze kwa hofu tupu, wala asimwachie kwa tamaa tupu. Hofu ina sababu: Robert Wangila, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya ngumi huko Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas mwaka 1994 kwa kuumia kichwani baada ya pambano la kulipwa, akiwa na miaka 26. Yafaa baba na mwana wakae chini waulizane: kazi hii ni ya dakika ngapi, na nani atamfundisha hizo dakika? Mwili wake ni wa ratili ngapi kwa haki, bila kukaushwa? Na siku atakapovua glavu, akiwa na miaka 31 au 35, atakuwa na shamba gani, au cheti gani, au fedha gani iliyowekwa kwa jina lake? Akitokea mtu na karatasi ya mkataba, isomwe na mwenye kujua sheria kabla haijatiwa sahihi, hata kama mleta karatasi ni mtu mpole na nauli ya ndege ameilipa yeye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini atazame kwanza kuna nini mvunguni.

Bwana Waruinge aliacha ulingo mwaka 1978, akafariki mwaka 2022, akiwa mtu wa miaka 77. Mataji mawili aliyoyagombea mwaka 1976 yana majina ya watu wengine. Lakini mahali ambapo kumbukumbu ya Kombe la Val Barker imewekwa, mwaka 1968 umeandikwa jina moja tu, na karibu nalo limeandikwa jina la Kenya.